Mashine ya Sahani Sita

Kassel, 14 Oktoba 2018

Mpendwa mdogo wangu Nevena,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na Mama naye anaamka bila kulia na nyonga. Sisi huku ugenini hatujambo. Watoto wanakua: Damyan amenipita kimo mwezi uliopita, anavaa viatu namba arobaini na nne. Lora anaogelea. Wifi yako Albena anakusalimu. Baridi imewahi mwaka huu na kazini wametupa makoti mapya, ya kijani, tunafanana na askari wa misitu.

Uliniomba nikuandikie badala ya kupiga simu kwa sababu Mama anasikia kila neno, basi naandika, ingawa mkono umesahau. Nitatuma kwa anwani ya duka la dawa kwa Sevda kama ulivyosema.

Kwanza nisamehe kwa kutokuja nyumbani Agosti. Nilikuwa nimeshakata tiketi, kisha mambo yakaingiliana.

Sasa sikiliza. Nimefikiria sana jinsi unavyochoka. Uliniambia mara ya mwisho kwamba mikono imechanika kwa sabuni, na kwamba Mama anachafua vyombo kama hoteli. Nimeamua kukununulia mashine ya kuoshea vyombo, ile ndogo ya kuweka juu ya kabati. Ndogo, lakini inabeba sahani za watu sita, na vikombe, na vijiko. Sisi tunayo, tuliibadilisha na ile kubwa mwaka jana, na sijutii. Haili umeme, haili maji. Naijaza taratibu, naiwasha kila siku ya nne, na asubuhi vyombo vinang'aa. Nakuhakikishia itakurudishia saa nzima kila siku.

Pima jikoni uniandikie upana, kina na kimo cha mahali itakapokaa, na umbali kutoka kwenye bomba. Mpira wa maji una urefu wa mita moja na nusu.

Mbusu Mama.

Kaka yako,
Ognyan


Ruse, 2 Novemba 2018

Kaka Ognyan,

Barua yako ilichukua siku kumi na mbili, na siku nne zaidi kwenye droo ya Sevda kwa sababu sikuweza kutoka. Ninatoka Jumanne na Ijumaa, saa moja na nusu, jirani Bi Tsonka anapokuja kuangalia tamthilia na Mama. Salamu zako nimezifikisha. Mama amefurahi kuhusu viatu vya Damyan, ameanza kumfumia soksi upya, zile za zamani amezifumua.

Afya yake: anatembea na fremu kutoka kitandani hadi chooni na kurudi, hatua kumi na nane. Akili inamkaa sawa kuliko yangu. Tatizo ni jiko la gesi, anawasha na kuondoka, na mwezi wa tisa alianguka tena, bila kuvunjika. Daktari anasema asiachwe peke yake. Kabichi ya majira ya baridi tumeitia kwenye pipa la maji ya chumvi tarehe 27, kilo arobaini. Nilikata mimi, aliongoza yeye.

Vipimo ulivyoomba. Jikoni ni roshani, kama unavyokumbuka, kwa sababu ni wewe uliyeizungushia vioo mwaka 1994 na kuhamishia sinki huko ili tupate chumba kimoja zaidi. Kabati la sinki lina upana wa sentimita themanini, na sinki yenyewe imekula sitini. Zimebaki ishirini. Hata ingetosha, Januari iliyopita maji yaliganda kwenye bomba la roshani mara tatu, na nikayeyusha kwa mashine ya kukaushia nywele. Mashine yako haitastahimili.

Mahali pengine pekee penye bomba ni jikoni ya zamani, yaani chumba ninacholala. Bomba lipo nyuma ya meza yangu, ulilifunga kwa kizibo. Meza ina upana wa sentimita mia na kumi. Miguu yake haiwezi kubeba uzito, kwa hiyo mashine itatosha ikiwa meza itaondoka. Hakuna ukuta mwingine: upande mmoja kitanda, upande mmoja kabati la Mama, upande mmoja mlango.

Nami nina swali moja, si la vipimo. Tulikubaliana miaka miwili yangu ya kukaa na Mama, kisha miwili yako. Yangu inaisha Machi mosi. Redio ya Varna imenipa kazi ya mhariri wa habari, kazi ya kudumu, ya kwanza tangu gazeti letu lifungwe, na itanibidi nihamie huko. Wananisubiri hadi Jumatatu tarehe 11 Machi, si zaidi. Nina miaka arobaini na tisa, hakuna mwingine atakayeniita.

Je, Machi utakuja?

Nevena


Kassel, 25 Novemba 2018

Mpendwa Nevena,

Nafurahi Mama anafuma. Mwambie Damyan atazivaa. Huku theluji ya kwanza imeanguka na kuyeyuka siku hiyohiyo. Albena ana kazi nyingi. Lora ameshinda medali ya shaba.

Nimesoma vipimo vyako mara mbili na nimekwenda dukani nikiwa nao mkononi. Ziko za aina mbili. Moja inasimama chini, nyembamba, upana sentimita arobaini na tano, inabeba sahani za watu tisa. Nyingine ndiyo ile ya juu ya meza, upana hamsini na tano, kina hamsini, kimo arobaini na nne. Ile nyembamba ni nzuri, lakini watu wawili wataijaza lini? Vyombo vitanuka ndani. Kwa nyumba ndogo, ya sahani sita inatosha kabisa. Angalia pia kelele: hii ina desibeli arobaini na tisa, Mama hataisikia akilala. Sufuria ile ya bluu haitaingia, hiyo utaosha kwa mkono. Na maji yetu ya Ruse yana chokaa, kwa hiyo usisahau chumvi ya mashine, naweka pakiti mbili ndani ya boksi.

Kuhusu meza, unaweza kuandikia magotini, au juu ya mashine yenyewe. Kimo si kibaya ukiiweka juu ya kabati fupi.

Nimelipia tayari. Itakuja na basi la vifurushi, litafika Jumamosi tarehe 8 Desemba kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya soko. Dereva anaitwa Rumen, mpe namba ya mlango.

Jambo lingine. Nimewaza kuhusu fleti. Mama alishawahi kusema angependa kuiandikisha kwa wakili wa hati, kwa mkataba ule wa kutunzwa: yeye anakupa fleti, wewe unamtunza hadi mwisho wa maisha yake. Wengi wanafanya hivyo. Mimi sitadai hata ukuta mmoja. Nitaandika barua ya kukana sehemu yangu, uwe na paa lako, usiwe tena na wasiwasi wa uzeeni. Fikiria. Kwa umri wetu paa ni paa.

Kaka yako anayekupenda,
Ognyan


Ruse, 27 Desemba 2018

Kaka Ognyan,

Mwaka mpya uwe na heri kwenu nyote. Mama ana mafua, si mabaya. Bi Tsonka amevunja kifundo cha mkono kwenye barafu, kwa hiyo Ijumaa yangu imekufa, imebaki Jumanne.

Mashine ilifika na Rumen, pembe moja imebonyea kidogo, haidhuru. Fundi Mitko wa ghorofa ya pili aliifunga juu ya kabati fupi kwa dakika arobaini. Meza yangu nimeifungua miguu na kuiegemeza kwenye roshani, nyuma ya pipa la kabichi. Barua hii naiandikia juu ya mashine. Ni kweli kimo si kibaya. Ikiwa inafanya kazi, mwandiko unatetemeka, utanisamehe mstari huu.

Mama aliikagua kwa mkongojo kana kwamba ni ng'ombe wa mnadani. Siku mbili za kwanza alikataa. Siku ya tatu nilimkuta amesimama kwenye sinki, anaosha kila sahani kwa sabuni, anaifuta, ndipo ananipa niitie kwenye mashine.

"Mama, mashine ndiyo inayoosha."

"Najua. Lakini siwezi kumpa mgeni vyombo vichafu."

Kwa hiyo sasa vyombo vyetu vinaoshwa mara mbili. Ile saa moja uliyoniahidi sijaiona.

Mkesha wa Krismasi tuliandaa vyakula saba visivyo na nyama, kama kawaida: maharage, pilipili zilizojazwa, wali uliofungwa kwa majani ya kabichi, malenge, matunda makavu, jozi, mkate. Mama aliweka sahani saba. Yake, yangu, ya marehemu Baba, na nne zenu. Meza tuliiacha bila kuiondoa hadi asubuhi, wafu nao wale, unajua alivyo. Asubuhi nilitia vyote kwenye mashine. Sahani sita ziliingia, ya saba ilibaki nje, na hakukuwa na nafasi ya bakuli hata moja.

Nilikaa kitandani nikaitazama ile sahani ya saba, ndipo nikaanza kuhesabu. Ni kazi niliyofanya miaka ishirini na mbili, kulinganisha mtu alichosema na kinachowezekana. Mimi na Mama tu watu wawili. Tunakula mara tatu. Tunaijaza mashine hii kwa siku mbili, na siku ya pili mlango unafungika kwa shida. Ninyi mko wanne, mmoja anavaa viatu namba arobaini na nne. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba unaiwasha yenu kila siku ya nne. Umeniandikia pia kwamba mliitoa ile kubwa.

Mashine hii, kwa siku nne, inajazwa na mtu mmoja.

Mama sijamwambia kitu. Yeye anafuma soksi. Nakuuliza wewe: wako wapi? Na la pili, ambalo nililiuliza Novemba ukanijibu kwa desibeli: Machi utakuja?

Mkataba wa fleti nimeuelewa. Nimewahi kuandika habari za mikataba hiyo. Aliyesaini akiondoka, hata kwa mwezi mmoja, ndugu yeyote anaweza kwenda mahakamani kuuvunja. Kwa hiyo unanipa paa kwa sharti kwamba nisitoke chini yake.

Nevena


Kassel, 24 Januari 2019

Nevena,

Nilianza barua hii mara nne.

Albena aliondoka Juni 2017. Yeye na watoto wanakaa Göttingen, na mtu wake mpya, si mtu mbaya. Mashine kubwa ilikuwa yake, aliichukua, nami nikanunua hii. Watoto wanakuja kila wiki ya pili, kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili. Jumapili iliyopita walikuwa hapa. Nimebaki na fleti ileile ya vyumba vitatu, sababu tulikubaliana mbele ya hakimu kwamba kila mtoto awe na chumba chake anapokuja. Vyumba hivyo vinakaa vitupu siku ishirini na nne kwa mwezi. Kodi yake inamaliza nusu ya mshahara.

Nikija Ruse miaka miwili, nimewapoteza. Damyan tayari anatafuta visingizio. Wiki moja nikikosa, ya pili hatakuja. Hiyo ndiyo sababu ya Agosti, na ya Pasaka iliyotangulia. Nilipokubali miaka miwili kwa miwili sikudanganya. Nilikuwa bado na mke.

Sikusema kwa sababu Mama angekufa kwa aibu. Unajua alivyowasema akina Petkov binti yao alipoachwa. Na wewe ungesema nilistahili.

Kwa hiyo jibu ni hapana. Machi siwezi kuja. Nilitaka angalau uwe na fleti na usiwe unaosha vyombo. Najua haitoshi.

Nakuomba jambo moja tu, kama dada yangu. Usimwambie Mama.

O.


Ruse, 21 Februari 2019

Kaka Ognyan,

Barua yako niliipata Jumanne tarehe 5. Sikukujibu mara moja. Afya ya Mama: kikohozi kimeisha, nyonga ni ileile. Bi Tsonka ametolewa plasta. Kabichi imefikia nusu ya pipa.

Sikusema ulistahili, na sisemi.

Siku mbili baada ya barua yako niliandika barua ya kuikataa Varna. Sikuituma, ilikaa ndani ya koti. Niliona hivi: wewe una watoto huko, mimi sina mtu yeyote Varna, kuna kazi tu. Kwa hesabu yoyote anayebaki ni mimi. Mama naye alikuwa anaulizia ule mkataba kila siku, basi nikaomba nafasi kwa wakili wa hati, Jumatatu tarehe 18 saa nne asubuhi. Fundi Mitko alitupeleka kwa gari lake. Mama alivaa koti la bluu na ile pini ya shaba.

Wakili ni mwanamke kijana. Alitusomea hati yote kwa sauti, kama sheria inavyotaka. Alipofika kwenye maneno "kumtunza, kumkimu na kuishi naye hadi mwisho wa maisha yake," alisimama, akaniuliza kama nakubali kwa hiari yangu. Nilitaka kusema ndiyo. Kalamu nilikuwa nimeshaishika. Sikusema kitu. Sijui muda gani, Mama anasema dakika nzima, aliangalia saa ya ukutani.

Mama ndiye aliyejibu.

"Funga hiyo faili, binti. Huyu ana pengine pa kwenda."

Wakili akasema, Bi mkubwa, unaweza kufikiria zaidi na kurudi wiki ijayo. Mama akamwambia ana miaka sabini na tisa, wiki ijayo hana ya kugawa, na akaomba fremu yake.

Mkahawa uko chini ya ofisi hiyo. Alitaka kahawa, ambayo amekatazwa, nikamwagizia. Nitakuandikia tuliyosema kama yalivyosemwa, kwa sababu yanakuhusu.

"Wapi?" akauliza.

"Varna. Redio."

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

"Na ulikuwa unangoja nini, nife?"

"Nilikuwa namngoja Ognyan. Zamu yake inaanza Machi."

Alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Ognyan? Toka utotoni ukimtuma mkate anakuletea sababu." Akafuta meza kwa kitambaa chake, polepole, kona zote nne. "Mimi nitakwenda kwake."

Nilimwambia hajawahi kusema hivyo hata siku moja. Akanijibu: "Hamjawahi kuniuliza. Miaka miwili mnagombania nani aje kukaa na mimi. Hakuna aliyeuliza mimi naweza kukaa wapi. Wana vyumba vitatu, yupo Albena, wapo watoto. Nitalala na Lora. Wewe umenichosha, Nevena. Unanitazama kama mtu aliyekosa treni."

Hapo ndipo ningemwambia. Alikuwa ananisubiri, na nadhani alijua kuna kitu. Uliniomba nisimwambie, kama dada yako. Sikumwambia.

Daktari ameruhusu, mradi ainuke kila baada ya saa moja. Tunaruka kutoka Bukareshti Jumamosi tarehe 2 Machi, tunatua Frankfurt saa nane na dakika ishirini mchana, viti kumi na nne A na B. Nitamleta mwenyewe mpaka mlangoni. Nitalala usiku mmoja, sakafuni hapana shida. Jumapili narudi, na tarehe 11 niko Varna. Ile barua ya kukataa nimeichana.

Kwa tarehe ulizonipa, wiki hiyo watoto watakuwa kwako. Kwa hiyo ataona wajukuu, atampima Damyan soksi, na ukisema Albena yuko kazini utakuwa salama hadi Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi atauliza Albena amekwenda wapi na watoto. Sitakuwepo, na hata ningekuwepo ningenyamaza. Unaweza kumwambia siku hiyo. Unaweza kumwambia kwa simu kabla hatujaondoka, naye aamue upya akijua ukweli. Akiamua kubaki Ruse, nitabaki naye, na hilo utalijua ni wewe uliyeniamulia. Una siku tisa tangu leo; barua hii nimeilipia posta ya haraka, lakini ikichelewa unaweza kuwa na tatu.

Kuhusu akina Petkov, nilimsikia juzi akimwambia Bi Tsonka kwamba binti yao alifanya vizuri. Sijui kama hilo linakusaidia.

Mzigo ameshaufunga. Sanduku moja, fremu, na boksi la soksi. Ameuliza kama kitanda cha Lora ni kirefu. Nimesema sijui.

Kitanda kiwe na kimo cha sentimita hamsini kutoka sakafuni, godoro likiwemo. Kikiwa chini ya hapo hawezi kuinuka peke yake, na utalazimika kumshika kwapani kila asubuhi, mkono wa kulia kwanza.

Nevena